Mwambani Hakuendwi na Simu: shajara ya safari ya Songosongo

Jumapili, Mbagala hadi Kilwa Masoko

Basi la Kilwa huondoka Mbagala Rangi Tatu asubuhi mapema, na anayechelewa hubeba mizigo ya wenzake mapajani. Mimi na mwenzangu tuliwahi. Begi letu lilikuwa na simu janja za majaribio, kitochi cha vitufe, karatasi za manila, mkasi, kalamu za wino mzito na mzani wa kuning'iniza tulioununua Kariakoo.

Safari yenyewe ni ya pweza. Ipo programu ya simu ya kuandikia mavuno ya pweza, imetengenezwa mjini kwa fedha za wafadhili. Mvuvi aandike kapata nini, wapi na saa ngapi. Takwimu zipande wilayani, kisha ziwafikie watafiti. Ilishaonyeshwa ukumbini, ikapigiwa makofi. Sasa tumekabidhiwa sisi, watu wa usanifu wa mifumo, twende nayo Songosongo tukaone kama wavuvi wataitumia. Nahisi waliotutuma wanangoja turudi na ushauri wa kukuza vitufe na kubadili rangi.

Pembeni yangu alikaa bibi mmoja anayeshuka Somanga. Tulipopita Kibiti alifungua pindo la kanga, akatoa kitochi kilichofungwa kwa mpira, akapiga namba za kutuma pesa, zile zinazoanza na nyota na kuishia na reli. Menyu ilipotokea hakuitazama. Kidole kilikwenda chenyewe: tarakimu, tarakimu, namba ya mtu, kiasi, namba ya siri. Simu ikarudi pindoni kabla sijamaliza kushangaa.

"Shikamoo bibi. Mbona umeisoma upesi hivyo?"

"Marahaba, mwanangu. Kusoma sijui. Mjukuu wangu alinikalisha uani akanifundisha njia. Mwaka ule walipoipangua, nikakaa wiki nzima sitoi wala siweki, mpaka yule mtoto aliporudi kutoka shule."

Walioipangua bila shaka walifurahi kwamba menyu yao sasa imepangika vizuri zaidi. Kwa bibi huyu menyu ni njia ya miguu gizani, na mtu kahamisha mti aliokuwa akiugusa kujua pa kukata kona. Kwenye daftari langu niliandika jambo la kwanza la safari: tarakimu ikishapewa kazi, isihamishwe.

Na pesa ya simu yenyewe haikuanza hivi tunavyoijua. M-Pesa ilizinduliwa Kenya Machi 2007, ikaja Tanzania 2008, lakini kwenye majaribio ilikusudiwa kurejeshea mikopo midogo. Waliopewa waijaribu wakaanza kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe. Watengenezaji wakawa na akili ya kuwafuata badala ya kuwakataza.

Rufiji tuliivuka kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa 2003. Wazee ndani ya basi bado wanasimulia kivuko cha Ndundu kana kwamba kilikoma jana. Kufika Somanga dereva alipunguza mwendo. Huku ndiko barabara ilikokatika Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipozoa madaraja, barabara hii ya kusini kwenda Dar ikawa haipitiki. Bibi alipokuwa akikusanya vikapu vyake alisema siku zile samaki walioza kwa kukosa barafu, na wanunuzi wakafunga mizani. Nimelifikiria hilo mpaka Nangurukuru. Mtafiti aliyekaa mbali, akiangalia grafu tu, angeona wiki hizo pweza wamekwisha baharini. Kumbe aliyekwisha ni mnunuzi.

Jumatatu, Kilwa Masoko na Kivinje

Asubuhi ni barua za utambulisho na mihuri. Tulikaribishwa vizuri, hakuna la kusimulia, isipokuwa afisa mmoja mpole aliyetufungulia kabati la madaftari yanayoletwa na vijiji vya pwani.

"Wanaoyaleta huwa wanaulizia majibu?" mwenzangu alimuuliza.

"Majibu gani?"

Hakusema kwa ubaya. Alitaka kweli kujua ni majibu gani hayo.

Alasiri tukahamia Kivinje kungoja chombo. Ng'ambo ya Masoko iko Kilwa Kisiwani, ambako masultani walifua sarafu zao za shaba zenye majina yao. Moja ilikutwa Great Zimbabwe, nyingine chache ziliokotwa mwaka 1944 katika Visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Nayataja haya kwa sababu ukumbini kule Dar kuna mtu alisema wavuvi wa Kilwa wanahitaji "kujengewa utamaduni wa kuweka kumbukumbu". Jioni, kwenye mnada wa samaki Kivinje, nilihesabu madaftari mpaka nikachoka. Kila mchuuzi ana lake, limeviringishwa mfuko wa nailoni, na kila mmoja ana mistari yake ambayo mwenzake hawezi kuisoma. Utamaduni wa kumbukumbu upo. Kila mtu anajiwekea za kwake, kwa sababu zake.

Jumanne, baharini hadi Songosongo

Kusi imekwisha, kaskazi haijaanza. Nahodha anayaita malelezi, na bahari ilikuwa tulivu kiasi kwamba mwenzangu, ambaye hajawahi kupanda boti kubwa kuliko pantoni ya Kigamboni, alilala.

Kisiwa kinajulikana kwa gesi. Iligunduliwa 1974, ikaanza kutumika 2004, nayo hupita kwenye bomba hadi mitambo ya Ubungo kuzalisha umeme. Kwa hiyo sehemu ya umeme uliokuwa ukizungusha kiyoyozi cha ule ukumbi wa makofi imetokea chini ya miguu ya watu hawa. Nilipomwambia hivyo katibu wa BMU, yaani kile kikundi cha kijiji kinachosimamia uvuvi, alicheka, akasema basi angalau makofi yao nao yamo.

Katibu ni mtu mzima, mstaarabu, na simu janja anayo. Tulimwekea programu tukamwacha nayo barazani. Baada ya kahawa tukamuuliza anaionaje.

"Nzuri sana, wanangu. Mmefanya kazi kubwa. Nzuri mno."

Hapo ndipo msanifu mvivu hufunga daftari lake. Mwaka 2012 kikundi cha watafiti kilichapisha matokeo ya jaribio walilofanya Bangalore, India: watu walionyeshwa teknolojia mbili, wakaashiriwa kwamba moja imetengenezwa na anayewahoji. Waliichagua hiyo kwa zaidi ya mara mbili, na mhojaji akiwa mgeni anayehitaji mkalimani, kwa mara tano. Walifanya hivyo hata pale ya mhojaji ilipokuwa dhahiri mbovu. Kama Bangalore ni hivyo, pwani yetu, ambako mgeni haambiwi wali wake umeungua, itakuwaje?

Tukaacha kuuliza. Tulimwomba atuingizie mavuno ya juzi, tukakaa kimya tukimtazama mikono. Aliweka simu chini. Akachukua daftari lake jekundu, akatafuta ukurasa, akavaa miwani, kisha ndipo akaanza kunakili kutoka daftarini kwenda kwenye simu, akiweka kidole kwenye mstari asipotee. Alipomaliza alifunga daftari na kulirudisha juu ya kabati, mahali pa heshima. Simu ikaenda kwa mtoto kuchezea.

Kazi moja imekuwa mbili. Hilo "nzuri sana" halikulisema.

Jumatano, mwambani

Leo mwezi pili, yaani siku ya pili tangu mwezi kuandama, na ni bamvua: siku ambazo bahari hujaa sana na kutoka sana. Kwenye mwambao wetu maji ya bamvua hutoka kabisa saa nne hadi saa tano, asubuhi na usiku, na saa za namna hiyo ndipo miamba hujitokeza na kinamama huenda kuchokoa pweza. Tulipewa bi mkubwa mmoja atuongoze. Umri wake sikuuliza. Anatembea juu ya mwamba wenye utelezi kwa kasi ambayo sisi wa mjini hatuna hata kwenye lami.

Kabla hatujatoka nilitazama wanavyojiandaa. Michokoo miwili, mmoja wa kuchokoa na mmoja wa kuopolea. Kamba ya kutungia. Kanga ya zamani, raba zilizotoboka. Simu zikabaki nyumbani, zote.

"Mama, simu hamchukui?"

"Mwambani hakuendwi na simu, mwanangu. Ikilowa nani atanilipia?"

Programu yetu inamtaka mvuvi asimame mwambani, afungue ramani, simu isome mahali alipo kwa setilaiti, kisha apige picha ya pweza. Nilijaribu mwenyewe na simu ya majaribio. Kwanza jua: kioo kikawa cheusi, nikaona uso wangu. Nikakikinga kwa kofia. Kisha vidole: vina maji ya chumvi na ute wa pweza, na kioo cha kugusa hakitofautishi tone la maji na kidole, kikawa kinajifungulia kurasa chenyewe. Na wakati wote huo nimeuacha mchokoo, nimempa pweza nafasi ya kuzama tunduni, na maji yameanza kurudi. Bi mkubwa aliningoja kwa adabu. Alikuwa na wanne kwenye kamba.

Alinionyesha tundu linalokaliwa: mdomoni pametapakaa maganda ya kaa na kome, masalio ya chakula, na mawe madogo yamepangwa kama mtu aliyeegesha mlango. Anachokoa kidogo, anangoja, mkono mmoja unaibuka kuushika mchokoo, basi amekwisha. Wa mwisho alikuwa mdogo. Sheria ya Tanzania inakataza pweza wa chini ya gramu 500, na sababu yake iko wazi: pweza hukua upesi ajabu, katika miezi michache anapanda kutoka gramu hadi kilo, na jike huzaa mara moja tu, akayalinda mayai mpaka akafa. Ukimwahi, umekula mbegu. Bi mkubwa alimpima kwa jicho akamwachia. Nikamuuliza kajuaje uzito. Akaniangalia kama nimemuuliza anajuaje jina lake.

Kumbukumbu basi haianzi mwambani. Inaanza ufukweni, kwenye mzani wa mnunuzi, na hapo nilikaa mchana mzima.

Kijana wa mnunuzi anatundika, anatamka uzito kwa sauti, mwingine anaandika. Sindano ikiwa kati ya mistari miwili, hutamkwa mstari wa chini. Siyo mara moja, siyo mbili. Kinamama wanaona, wanatazamana, wanachukua pesa. Mwenzangu akautoa mzani wetu wa Kariakoo begini, nia ikiwa njema. Bi mkubwa alimshika mkono kabla hajaufikisha kwenye mwanga.

"Urudishe, mwanangu. Nyinyi mtapanda boti mtaondoka. Huyu ndiye ananikopesha mchele maji yakiwa mafu."

Siku za maji mafu bahari haitoki vya kutosha, mwamba haufikiki, na sufuria halijui hayo. Mnunuzi hukopesha mchele, sukari, miwani ya kuzamia kwa vijana, naye hulipwa pweza bamvua likirudi. Ukikopa kwake unauza kwake. Mzani ule una zaidi ya kilo ndani yake.

Jioni alitukaribisha kwake, na nyuma ya mlango wa jiko nikaona kitu ambacho kwangu ndicho safari nzima. Mistari ya mkaa ukutani, imepangwa kwa safu. Nikamwomba anisomee. Kila safu ni bamvua moja. Mstari mrefu ni kilo, mfupi ni nusu, nukta ni deni la mchele, na nukta iliyokatwa ni deni lililolipwa. Safu zinapanda mpaka karibu na dari; zilizochakaa zimepakwa chokaa na kuanzwa upya. Haendi kwa Januari wala Februari. Mwezi wa kalenda kwake haumpi wala haumnyimi kitu. Bamvua ndilo lenye mwanzo na mwisho.

"Unamwonyesha mnunuzi?"

"La. Nakuja kuuangalia kabla sijaenda kwake, nijue pa kubishana naye na pa kumnyamazia."

Programu yetu ina kurasa nyingi zenye maelezo mengi. Hakuna hata moja inayomjibu mwanamke huyu.

Alhamisi, chini ya mkungu

Leo tulizima simu zote. Tulikata manila kwa ukubwa wa kiganja, tukachora juu yake. Mbinu hii ina wazee wake. Nchi za Skandinavia miaka ya 1970 na 1980, vyama vya wafanyakazi viligoma kuletewa kompyuta kazini bila wao kushirikishwa. Kwenye mradi wa UTOPIA, ulioanza 1981 na mafundi wa uchapaji, waliweka boksi tupu mezani, wakaliandika kuwa ni printa ya leza, kisha wakafanya kazi kana kwamba lipo kweli, ili waone itawabadilishia nini. Karatasi haimtishi mtu. Mtu anaikunja, anaichana, anasema "hapana, hivi." Simu ya laki kadhaa hakuna atakayeichana.

Tuliwaambia kadi zote zimechorwa na watu wengine wasiowajua, na sisi tunataka kujua zipi zitupwe. Hapo ndimi zikafunguka.

Alama ya kuchuja orodha, ile ya umbo la faneli, waliitambua mara moja: mafuta ya taa. Mama mmoja akauliza kama programu inauza mafuta. Alama ya kuhifadhi, ile diski ya kompyuta za zamani, hakuna aliyeijua, hata katibu, na kwa kweli kwa nini aijue? Picha ya pweza ilikuwa na macho makubwa na tabasamu. Wakaicheka hadi wengine wakafuta machozi. Iliyobaki mezani mwisho wa yote ilikuwa kadi yenye mistari mirefu na mifupi. Ukuta wa jikoni, kwa maneno mengine.

Kisha likaja suala la saa, na hapa naomba wenzangu wa fani wasikilize. Programu inahesabu saa 24 kuanzia saa sita usiku. Katibu, akiombwa aandike pweza wa jana asubuhi, aliandika 4:30, maana ilikuwa saa nne na nusu. Programu ikapokea bila swali. Sasa mtafiti ataona wanawake wa Songosongo huchokoa pweza alfajiri, wakati ambao kwa bamvua maji yamejaa mpaka kwenye mikoko. Takwimu za kijiji kizima zingekuwa za watu wanaotembea chini ya bahari.

Siku nazo zina mgogoro wake. Mzamiaji mzee alisema pweza wake mkubwa alimpata kwa taa usiku wa Alhamisi. Mjukuu wake, aliyeshika kadi, akamwambia, "Babu, usiku wa Alhamisi haujafika." Mzee akamjibu kwamba umefika na umepita, ulikuwa jana baada ya magharibi. Wote wawili wako sawa. Kwa mzee siku huingia jua likizama. Kwa simu huingia saa sita usiku, wakati hakuna kinachotokea. Tulikubaliana kuondoa tarehe na saa kabisa. Anayeandika atachagua bamvua, kisha "maji ya mchana" au "maji ya usiku". Tarehe simu itaihesabu yenyewe kimyakimya kwa ajili ya wanaoihitaji.

Suala la mahali lilichukua muda mrefu kuliko yote, nalo halikuwa la usanifu wa kioo. Wakati wa kuonyesha nukta kwenye ramani, wazamiaji walinyamaza. Mmoja akauliza nukta hiyo itaonwa na nani. Mwamba mzuri unajulikana kwa jina ndani ya kijiji, na mwenye boti ya mbali akiupata kwenye ramani atakuja na vijana ishirini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamlinda mtu na jina lake. Sijui kifungu kitakachomlinda na nukta ya mwamba wake. Niliwaeleza kuhusu Abalobi ya Afrika Kusini, iliyobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town pamoja na wavuvi wadogo, ambako mvuvi ndiye mwenye rekodi zake na huamua nani azione. Wakauliza kama hao wavuvi nao wana wanunuzi wanaowakopesha mchele. Jina la mwamba litabaki kwenye daftari jekundu. Wilayani litapanda neno moja tu: uko wazi, au umefungwa.

Maana miamba mingine hufungwa. Desturi hii ya kufunga mwamba wa pweza kwa miezi michache ili wakue ilipata umaarufu kutoka Andavadoaka, Madagascar, kijiji cha Wavezo, mwaka 2004, na sasa iko Pemba, Mafia na huku Kilwa. Siku ya kufungua ni sherehe, na ndiyo siku pekee ambayo kijiji kizima kinataka takwimu, leo leo, kabla ya usiku: tumepata kilo ngapi kuliko mwaka jana, na ngapi ni za walioingia kwa wizi.

Ijumaa

Hatukufanya kazi. Swala, wali wa nazi, usingizi.

Baada ya alasiri kinamama wachache walikuja barazani kumwona mwenzangu, bila wanaume na bila mimi. Aliyonisimulia usiku yamebadilisha nusu ya michoro. Tulikuwa tumepanga mvuvi apokee ujumbe mfupi baada ya kupimiwa: kilo kadhaa, shilingi kadhaa. Kinamama wakamwambia shilingi zitoke. Kitochi cha nyumbani hakina mwenyewe mmoja. Ujumbe husomwa na mume, na asiyejua kusoma husomewa na mtoto mbele ya watu. Mume akijua shilingi ngapi zimeingia saa nane, shilingi hizo zina kazi kabla ya saa tisa. Kilo zisemwe. Bei ya siku kila mwanamke anaijua, atazidisha kichwani.

Nimefanya kazi hii miaka mingi, kwenye vyumba vya majaribio vyenye vioo vya siri vya kumtazama mtumiaji bila kuonekana, na sijawahi kuona chumba kimoja kati ya hivyo kilichokuwa na mume ndani yake.

Jumamosi, kwenye mzani

Tumejaribu mpango mpya. Simu janja moja tu, ya katibu, ndani ya mfuko wa plastiki mwembamba, iko kivulini kando ya mzani. Anaandika uzito pale pale unapotamkwa, na anautamka tena kwa sauti wakati wa kuandika. Hakuna mtandao? Inahifadhi, itatuma baadaye. Tulifikiria menyu ya nyota na reli, kwa kuwa inafanya kazi kwenye simu yoyote, ila kurasa zake hazizidi herufi 182, hazihifadhi kitu, na mtandao ukiyumba katikati inakutupa nje uanze upya huku foleni imesimama na pweza wanakauka. Mvuvi hapakui kitu wala hafungui kitu. Anapokea ujumbe kwenye kitochi, herufi 160 zinatosha na kubaki. Asiye na simu anapewa kadi ya mistari, inapigwa alama kwa kalamu.

Lililotokea sikulitarajia kwa kasi ile. Katibu alipoanza kurudia uzito kwa sauti, kijana wa mnunuzi akaanza kuinama kuitazama sindano. Ikiwa kati ya mistari miwili, alisita. Mara ya kwanza akatamka wa chini, akamtazama katibu. Mara ya tatu akatamka "na robo". Hakuna aliyemshtaki, hakuna aliyetoa mzani wa Kariakoo. Bi mkubwa alikuwa kwenye foleni, uso haukuonyesha lolote.

Mnunuzi mwenyewe alikuja alasiri. Nilidhani atakasirika. Akatazama, akauliza maswali ya mtu wa biashara: je, atapata na yeye orodha ya siku nzima? Kiwanda kinachonunua kwake kinasafirisha Ulaya, na huko siku hizi wanauliza pweza katoka wapi, kavuliwa vipi, na yeye hujibu kwa kubuni. Kumbe naye anaandika makaratasi ya kwenda juu yasiyorudi. Tukakubali apate jumla ya kilo, bila majina.

Likabaki la gharama. Ujumbe mmoja ni pesa kidogo, lakini bamvua moja lina jumbe nyingi, na fedha za wafadhili zina mwisho. Mnunuzi akajitolea kulipia zote, kwa sharti kila ujumbe uanze na jina la biashara yake. Katibu aliona ni bahati. Kinamama waliinuka kando, wakanong'onezana, akarudi bi mkubwa kuwasemea.

"Tunashukuru. Ila akilipa yeye, siku tukigombana atazima."

Wakapendekeza ilipwe na ushuru wa siku ya kufungua mwamba, ikatwe kabla ya mgao, na ujumbe uanze na jina la kijiji. Mwenyekiti akasema hilo ni la mkutano mkuu. Mkutano umepangwa maji mafu yajayo, wakati watu wako nyumbani. Boti yetu inaondoka kesho alfajiri. Katibu ameomba tumwachie simu, chaja na manila zilizobaki, na bi mkubwa ameomba mzani.